Kisima cha Nane

Mtaa ule ulikuwa na visima saba vya sadaka, na vitano kati ya hivyo vilikuwa vimekauka kau. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye akili timamu ajikune kichwa kabla ya kuchimba cha nane. Lakini nani ajikune? Watu wa mtaa ule, Mungu awasamehe, walikuwa na mazoea yao: mtu akifiwa na mzazi, na mkono wake ukiwa si mtupu, anachimba kisima ili thawabu zimfikie marehemu maadamu watu wanakunywa. Jambo la kheri, nani alipinge? Ila wazazi wanakufa kila mwaka, na maji ya chini ni yale yale. Mvua nazo zilishaharibika tabia. Zamani zilikuja kwa msimu wake na kukaa. Siku hizi zinavamia ghafla, zinaangusha ukuta wa mtu, zinaondoka, na baada ya hapo ni jua tu mpaka ardhi inapasuka.

Aliyetaka kuchimba cha nane alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Barafu. Jina hilo lilikuwa mzaha mtupu, maana hasira za bwana yule zilikuwa puani. Ukimgusa tu anafoka. Alifanya kazi mji wa mbali miaka mingi. Mama yake alipougua alituma dawa, alituma matunda, alituma salamu, kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Siku aliyopigiwa simu kwamba mama kaondoka, aliacha jokofu la watu limefumuliwa sakafuni akakimbilia basi. Basi likaharibika njiani. Na maiti wa Kiislamu hasubirishwi. Alipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini wanajipangusa mikono. Tangu hapo hakulia hata tone. Alizungumzia kisima tu.

Na msidhani alikurupuka. Aliuliza, tena aliuliza mno. Alimuuliza imamu kama pesa aliyoipata kwa kutengeneza majokofu ya baa inafaa kuchimbia kisima. Imamu akamwambia aitenge, isiingie kisimani, akaitenga. Aliuliza kama jina la marehemu liandikwe au itakuwa riya, kujionyesha kwa watu. Aliuliza kama thawabu zinafika nzima hata kama mtoto mwenyewe swala zake ni za kurukaruka. Kila swali la dini ambalo mtu angeweza kuliuliza juu ya kisima, Barafu aliliuliza. Habari za maji yenyewe hakuuliza yeye wala hakuulizwa.

Yaani, hakuulizwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa dada yake.

Dada mtu alikuwa mkunga katika zahanati iliyokuwa bondeni, chini ya msikiti. Zahanati ile ilitegemea kisima cha zamani, kilichochimbwa kwa majembe na wazee ambao hata majina yao yameshasahauliwa. Wazee wale waliijua sheria: kisima kina harimu yake kama nyumba ilivyo na ua, na ndani ya harimu hiyo hachimbi mtu kisima kingine, akaja kumnyang'anya mwenzake maji kwa chini. Wakakizungushia mawe meupe kuwa alama. Mawe yale yakaja kung'olewa watu walipopanua baraza ya msikiti. Mawe mazuri, yamekaa bure, si yatumike? Kwa hiyo Barafu alipoonyesha kiwanja nyuma ya msikiti, imamu alitazama huku na huku, akasema, "Nadhani hapa ni nje ya harimu." Nadhani! Mtu anatoboa ardhi ya Mungu kwa nadhani.

"Kaka, nikuambie jambo, lakini usinune," dada yake alimwambia jioni moja, huku anapiga pasi sare yake ya kazini.

"Ukianza hivyo nimeshanuna."

"Kiwanja chenu kiko juu yetu pale pale. Mkiyavuta maji huko juu, sisi wa chini tutakunywa nini?"

"Maji ni ya Mungu."

"Ya Mungu, ndiyo. Sisi ni walinzi tu, tena walinzi wenyewe tunasinzia. Ijumaa iliyopita imamu alisema nini? Binadamu ni khalifa, dunia ni amana, mizani isivurugwe, na hali ya hewa imeharibika kwa mikono yetu wenyewe. Nyote mkatikisa vichwa. Jumamosi mkaleta mashine."

"Una wivu."

Dada akaisimamisha pasi. "Wivu wa nini?"

Ndipo Barafu akalitoa lile lililomkaa kooni tangu msiba. "Wewe ulimuuguza. Ulimlisha, ulimgeuza kitandani, ulimwosha, ukamvika sanda. Kila kitu cha mama umekipata wewe. Mimi nimebaki na nini? Niachie kisima."

Mkunga yule hakuwa mtu wa kukosa jibu. Wanawake wanaopiga mayowe usiku kucha aliwanyamazisha kwa neno moja. Lakini alimtazama kaka yake usoni, akaona mtu aliyechoka vibaya, akalimeza jibu lake na kurudi kwenye pasi. Alimhurumia. Na huruma nayo ina makosa yake.

Siku ya majaribio watu walijaa nyuma ya msikiti kama kuna harusi. Shimo lilikuwa limeshachimbwa na bomba limeshashushwa. Mchimbaji, mtu wa maneno machache, akawasha pampu. Bomba likakohoa, likatema tope, likakohoa tena, kisha maji yakaruka, baridi, safi, manene kama mkono wa mtu mzima. "Allahu Akbar!" Watu wakakumbatiana. Barafu akayakinga kwa viganja, akanywa, akafumba macho.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "umeyaona?"

"Sasa hatuzimi mpaka jua lizame," mchimbaji akatangaza. "Lazima tujue kama kisima kinahimili."

"Na haya yanayotoka yanakwenda wapi?" imamu akauliza.

"Mtaroni, Sheikh. Majaribio ndivyo yalivyo."

Basi yakaenda mtaroni. Yakafurika mtaro, yakavuka barabara, yakafanya dimbwi kubwa mbele ya duka la Hajji, tajiri wa mtaa. Mtu mmoja akaleta gari lake akaliosha. Wengine walitawadha, wakatawadha tena, na wakati wa swala haujafika, ilimradi tu wayaguse. Imamu alisimama amekunja kanzu, maji yanampita kwenye vifundo vya miguu. Ni yeye aliyewafundisha watoto wote wa mtaa ule kwamba Mtume alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha mtoni. Akafungua kinywa aseme. Akamwona Barafu anacheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe, akakifunga. Haya, na huyu naye akanyamaza kwa wema. Kwa wema huo huo maji yaliendelea kumwagika.

Simu ya Barafu ikalia. Dada. Akaitia mfukoni. Ikalia tena, akaizima sauti.

"Mkunga anakutafuta?" Hajji akamtania. "Shauri yako. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mimi sizai," Barafu akajibu, na watu wakaangua kicheko. Naye akacheka nao, lakini simu iliendelea kutetemeka mfukoni. Alijua. Msinidanganye kwamba hakujua. Mtu anayekataa kupokea simu huwa anajua inataka kumwambia nini.

Mara umati ukapasuka katikati. Mlinzi wa zahanati, mtu mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona anakimbia, alikuwa amepanda kilima kile mbio, ndoo mkononi, pumzi juu juu.

"Mpisheni ateke!" mtu akasema.

"Sikuja kuteka!" Akaitua ndoo miguuni pa Barafu. Ndani kulikuwa na tope jeusi na kipande cha gae. "Hiki ndicho nilichokivuta sasa hivi kisimani kwetu. Asubuhi tulikuwa na maji. Sasa hivi mabomba yote makavu. Kuna mama anajifungua, damu inamtoka kuliko kawaida, na dada yako ana sabuni mpaka kwenye viwiko hana cha kuisuuzia. Kasema, kama hutaki kupokea simu, basi uone kwa macho yako."

Pampu iliendelea kunguruma.

"Maji si haya hapa!" Hajji akasema. "Jazeni ndoo, wapelekeeni, yaishe." Ndoo zikaanza kujazwa haraka haraka. Hakuna aliyekataa hilo. Lakini Barafu alikuwa anamtazama mchimbaji, na mchimbaji alikuwa anatazama lile tope.

"Ni mkondo mmoja?" Barafu akamuuliza.

"Njia ya kujua ni moja. Tuzime, tukatazame kule chini. Maji ya kule yakirudi, basi ni sisi."

"Yasiporudi?"

"Basi ni ukame tu. Huna kosa."

"Usizime!" Hajji akamshika bega. "Ukizima, majaribio yote yanaanza upya. Na uzime kwa nini? Kisima chao kimekauka, chako kinawaokoa. Hiyo si sadaka ya mama yako hiyo? Thawabu zinaingia sasa hivi, bwana, huoni?"

Maneno matamu yale! Barafu aliyataka mpaka akameza mate. Pampu ikiachwa inguruma, hatajua kamwe, na mtu asiyejua analala usingizi wake vizuri tu. Ikizimwa, leo leo ataambiwa kama anamzawadia mama yake maji au wizi.

"Zima, mwanangu," imamu akasema. "Mimi ndiye niliyesema nadhani. Zima, tujue."

Barafu akaitazama pampu. Watu wote walikuwa wanamwangalia mdomoni.

"Zima," akasema.

"Una hakika?"

"Nimekuambia zima!"

Bomba likakohoa, likadondosha, likanyamaza. Barafu akabeba ndoo mbili akateremka kilima, maji yanamrukia miguuni, imamu na mlinzi nyuma yake. Dada yake alikuwa mlangoni pa chumba cha kujifungulia, mikono ameiinua juu, povu limeanza kumkaukia. Hakumsalimu.

"Mwaga. Taratibu. Usimwage chini."

Akammwagia. Yale maji ya mama yakapita kwenye vidole vya dada yake, kimoja kimoja, yakakingwa na beseni chini. Alipomaliza hakusema asante. Alimwambia ndoo ya pili aiache pale pale, akaingia, akausukuma mlango kwa kisigino. Ndani mwanamke akalia kilio cha kumkatisha mtu tamaa.

Wanaume watatu wakaenda kuinama kwenye mdomo wa kisima. Mlinzi akamulika kwa simu. Tope, na tope. Wakasubiri. Barafu aliomba dua, na ni aibu kuisimulia dua ile, lakini ndiyo aliyoiomba: maji yasirudi. Mwanamke anatokwa damu nyuma ya ukuta, na yeye anamwomba Mola kisima kibaki kikavu, ili yeye awe hana kosa. Alipojisikia anaomba nini, uso ulimwaka moto, akang'ata mdomo. Lakini dua haikuondoka moyoni.

Kwanza walisikia tone. Kisha likawa si tone, ukawa mchirizi, unatoka kwenye ufa wa ukuta wa kisima, unateremka, unalifunika lile tope polepole.

"Unatokea upande wetu," imamu akasema. "Upande wa msikiti. Inna lillahi."

Barafu akaketi chini, mgongo kwenye kisima. Alikuwa bado amekaa hapo kilio cha ndani kilipokatika na kufuatiwa na kingine, chembamba, chenye hasira. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita dada yake alipotoka kujifuta jasho.

"Wazima?"

"Wazima wote wawili."

"Nitavuta bomba mpaka hapa," Barafu akasema upesi, maana alikuwa ameshalipanga. "Kisima changu kitawahudumia nyinyi kwanza. Kabla ya msikiti, kabla ya mtu yeyote. Naapa."

"Kaka, vile saba vilianza na kiapo gani? Kila kimoja kilikuwa cha watu wote. Kirefu kikanywa cha kifupi, mvua ikakosa, na kirefu nacho kikafa. Chako kikikauka, tutakuwa hatuna hiki wala kile. Hiki cha wazee kinatoa kidogo, lakini hakijawahi kutunyima kabisa. Leo ndiyo mara ya kwanza." Hakuwa anagomba. Alikuwa amechoka tu, na uchovu ule ulimuuma Barafu kuliko matusi.

Akapanda kilima. Huko juu watu walikuwa hawajaondoka. Nani aondoke kwenye jambo kama lile? Imamu aliwaeleza alichokiona, neno kwa neno, na hakuiruka ile nadhani yake. Wengi wakainamisha vichwa. Hajji hakuinamisha.

"Basi, Barafu, kama moyo umekutoka, niachie mimi," akasema. "Baba yangu mpaka leo hana kisima hata kimoja. Shimo tayari, pampu tayari. Mimi nitaweka bomba la zahanati, nitaweka kila kitu. Wewe nenda kapumzike."

Kufa kufaana! Ndipo Barafu alipoona kwamba kukiacha tu hakutoshi. Akigeuza mgongo, kabla jua halijazama pampu itakuwa inanguruma kwa jina la marehemu mwingine.

"Sheikh," akasema, na wote wakasikia. "Nikiliziba shimo hili, mama anapata nini?"

Imamu angeweza kumpa sukari pale. Maneno yapo, na watu wangeitikia amina wakaenda zao. Hakumpa.

"Sijui," akasema. "Ninachojua ni kwamba kumdhuru mwenye kiu si sadaka. Zaidi ya hapo nisikudanganye, mwanangu. Sijui."

"Umemsikia!" Hajji akaruka. "Hata Sheikh hajui! Unamnyima mama yako kitu cha hakika unashika kisichojulikana. Mazishi yake hukuwahi, na hiki nacho unamfukia? Mtoto gani wewe?"

Kabla mtu hajamdaka, Barafu alikuwa ameshaikamata kanzu ya Hajji shingoni na ngumi iko hewani. Hajji akafumba macho. Halafu vidole vikalegea kimoja kimoja, kanzu ikaachiwa, na Barafu akamgeukia mchimbaji.

"Toa pampu yako."

Ikatolewa. Ikachukua muda, bomba kwa bomba. Pembeni kulikuwa na rundo la udongo uliotoka shimoni na rundo la kokoto. Mchimbaji akamwambia vitaingia hivyo, na juu simenti, akamnyooshea koleo. Barafu akalichomeka kwenye udongo, akaliinua, na hapo mikono ikagoma. Alisimama na koleo limejaa, hawezi kumwaga, hawezi kurudisha.

Dada yake alikuwa amepanda, sare ile ile, ina doa la damu kifuani. Akaja akasimama kando yake.

"Wewe angalau ulimzika," Barafu akamwambia, hamtazami.

"Nani kakuambia?"

"Si ulikuwepo?"

"Sanda nilimvika, ndiyo. Kisha wanaume wakabeba jeneza wakaondoka nalo, mlango ukafungwa, sisi wanawake tukabaki uani tunaosha vyombo." "Udongo sikumtia, kaka. Hata konzi moja kati ya zile tatu za kaburini. Nilisikia tu wanarudi."

Barafu akageuka akamtazama. Muda wote ule alidhani yeye ndiye aliyenyimwa peke yake. Akaweka koleo chini, akapiga magoti penye rundo, akachota konzi ya udongo, bado una unyevu wa huko ulikotoka, akamwekea dada yake mkononi.

"Anza."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Anza wewe, nimesema!"

Hata pale, kufoka. Dada yake nusura atabasamu. Akapiga magoti kwenye mdomo wa shimo, akatia konzi ya kwanza, akatia ya pili, akatia ya tatu, na kila moja waliisikia inagonga maji mbali kule chini. Kisha Barafu akatia zake. Ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu ilipomtoka mkononi, kilio kilichokuwa kimemgomea tangu msiba kikamtoka nayo, kikubwa, cha mtoto, mbele ya mtaa mzima na mbele ya Hajji, na dada yake akamkumbatia kichwa kwa mikono yake yenye udongo. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mchimbaji alisubiri mpaka akamaliza, ndipo akampa tena lile koleo.